Dakika Mbili za Nyuma

Hakuna aliyehudhuria mafunzo ya kamera za gari kwa bidii kama Nguzo, na hakuna aliyetoka kichwa kitupu kama yeye. Alikaa kiti cha mbele. Aliitikia kwa kichwa kila lililosemwa. Mafunzo yalipokwisha akaomba ruhusa ya kurudia na kundi lililofuata, eti ayashike vizuri, na Mkuu wa kituo akamsifu mbele ya wenzake kwamba huo ndio moyo wa askari. Kumbe maskini, moyo wenyewe ulikuwa kwingine kabisa. Aliyefundisha alikuwa mtunza video wa kituo, na Nguzo mara zote mbili alishinda akitazama jinsi anavyoshika chaki.

Nguzo ni jina alilopachikwa na wenzake kwa sababu ya urefu. Alikuwa konstebo mwembamba aliyekwenda juu tu bila kusimama, na kila akiingia kwenye gari la doria ilimbidi akunje miguu mpaka magoti yakaribiane na kidevu. Mtunza video naye walimwita Bi Usifute, ila si mbele yake. Video zote za magari ya doria ziliishia chumbani mwake. Alizitazama moja moja, akazipanga kwenye mafungu yake: ajali, ukamataji, ukaguzi wa barabarani, majaribio. Askari walikuja kumbembeleza kwa sauti za asali. "Dada yangu, ile ya jana niliyoteleza kwenye tope mbele ya mahabusu, haiwezi kupotea kidogo?" Yeye alijibu neno moja bila kuinua macho: "Haifutwi."

Kamera yenyewe ina macho mawili. Moja linatazama barabara, la pili linatazama kiti cha nyuma wanapokaa watuhumiwa. Mchana kutwa inaona kila kitu, lakini haihifadhi chochote mpaka askari awashe taa za bluu. Zikiwaka tu, inaanza kuhifadhi, tena inarudi na kuokota kipande cha yaliyotokea kabla taa hazijawaka, ili ijulikane mambo yalianzaje. Kipande hicho askari walikiita "nyuma". Zamani nyuma ilikuwa dakika moja, na ilikuwa bubu, picha tu. Hayo Nguzo aliyajua. Ambalo hakulijua ni kwamba mwezi ule nyuma ilikuwa imeongezwa kuwa dakika mbili, pamoja na sauti. Bi Usifute alilisema hilo kila kundi lilipoingia, tena akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nguzo aliutazama ubao. Aliona mwandiko mzuri.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtu aliyekipata kikohozi hicho kwa karibu zaidi alikuwa Sajini Sharubu, mwenzake wa doria. Sajini alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na masharubu ya kusitiri mdomo wote, na alishachoka kushinda gari moja na kijana anayeguna.

"Wewe utapasuka," Sajini alimwambia adhuhuri moja, wameegesha kwenye kivuli karibu na njia panda, barabara imepoa hata nzi wanasinzia. "Mwambie."

"Nikifika mbele yake maneno yanakimbia, afande."

"Basi yafunge kamba. Fanya mazoezi. Niambie mimi."

"Nikwambie wewe?"

"Kwani mimi nina nini? Mimi ndiye yeye."

Hapo ndipo Sajini alipofanya kosa ambalo askari wa miaka mingi hakupaswa kulifanya. Ili watazamane vizuri, alishuka, akaingia kiti cha nyuma, akajifungia mlango kwa heshima zote za bibi harusi. Mlango ule haufunguki kutoka ndani. Umewekwa hivyo makusudi, na Sajini mwenyewe alishawacheka watuhumiwa wengi waliojaribu. Akaokota kile kitambaa cha njano cha kufutia vioo, akakitikisa vumbi, akajifunga kichwani. Nguzo naye akapiga magoti juu ya kiti cha mbele akitazama nyuma, kichwa kimeinamishwa na paa la gari. Jicho la pili la kamera likawa linawatazama.

"Konstebo," Sajini akasema kwa sauti nyembamba, mdomo kaubana chini ya masharubu, "video yako ya Jumanne umeziba kamera kwa kofia. Tena!"

"Afande, yeye haongei hivyo."

"Afande ni nani hapa? Endelea, nina video zangu za kutazama."

Hotuba yake Nguzo alikuwa ameitunga kwa wiki nzima, akiisema bafuni, akiisema akipiga viatu rangi. "Nimekuwa nikikuona ukipita mbele yangu kila siku," alianza, "na leo nimesema basi. Sikuachi upite mpaka nikwambie yaliyo moyoni."

"Eeh! Hapo sawa. Huo moyo una nini?"

"Moyo wangu hauna breki tena."

"Lo!" Sajini akajipepea kwa mkono. "Na unanipendea nini? Sema kweli. Sisi wanawake uongo tunaunusa."

Hilo halikuwemo kwenye hotuba. Nguzo akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Siku ile ilipoletwa video ya ajali, ya yule baba aliyekuwa analia barabarani. Watu walikuwa wanapita kwenye korido wanachungulia. Ukaigeuza skrini ukutani, ukaitazama peke yako mpaka mwisho, ili asichekwe wala asitazamwe na mtu asiye na kazi naye. Na sisi hapa kila siku unatuona tunavyoteleza, tunavyogombana, tunavyokula garini tukajimwagia mchuzi. Aibu zetu zote unazijua wewe. Na asubuhi bado unatusalimia kama watu wa maana."

Masharubu yalimtetemeka Sajini. Alishika pindo la kile kitambaa, akajifuta jicho, halafu akakumbuka nafasi yake, akabana tena sauti. "Nitafikiria," alisema.

Wakati huo huo pikapu moja, imesheheni trei za mayai mpaka juu, ikapita kwenye taa nyekundu kana kwamba nyekundu ni pambo la barabara. Kazi ni kazi. Kufumba na kufumbua Nguzo alikuwa amejipindua kwenye usukani, amewasha taa za bluu, na gari linaruka, huku Sajini akigaragara kule nyuma na kitambaa chake.

Pikapu ilisimama bila ubishi. Nguzo akashuka. Nyuma yake Sajini alikuwa anasukuma mlango, hapo ndipo akili ilipomrudia kwamba yuko kizuizini. Akaanza kugonga kioo. Nguzo alidhani anamhimiza, akampungia mkono, akaenda.

Dereva alikuwa mama mnene wa makamo, miwani ya jua usoni, mikono yote miwili kwenye usukani. Akashusha kioo, akasubiri. Nguzo akainama dirishani, kifua bado kinamdunda, akafungua kinywa kuomba leseni. Lakini kinywa kilikuwa kimeshazoea njia yake, kikaifuata.

"Nimekuwa nikikuona ukipita mbele yangu kila siku," Nguzo akasema, "na leo nimesema basi. Sikuachi upite mpaka nikwambie yaliyo moyoni."

Yule mama akavua miwani.

"Moyo wangu hauna breki tena," Nguzo akamalizia, na kwenye neno "breki" ndipo masikio yake yalipomfikishia habari. Damu ilimpanda usoni ikakosa pa kwenda. "Yaani, breki," alisema. "Breki zako, mama. Shikamoo. Leseni."

"Nina wajukuu mimi!" yule mama alifoka. "Mayai yangu ndiyo uliyoyaona? Au umeona nini?" Akatupa macho kwenye gari la polisi kutafuta mtu mwenye akili timamu wa kumsaidia, akaona kiti cha nyuma kuna mtu mwenye masharubu makubwa, amejifunga kitambaa cha njano kichwani, anapiga vioo kwa ngumi na kupayuka bila sauti kutoka nje. Akapandisha kioo haraka. "Mkubwa wako nitamwona leo hii hii!" alisema kwa kuipitisha sauti kwenye ufa uliobaki, na Nguzo, ulimi umemganda, akasogea kando, akamwacha aende zake bila onyo wala faini. Kwa mtu yeyote aliyekuwa anatazama kwa mbali, ilikuwa picha kamili ya askari anayemwachia mwanamke aliyempenda.

Njiani kurudi, Sajini, aliyekwisha kutolewa kifungoni, alimpoza. "Usijali. Akisema hivi, wewe sema vile. Na yale ya kabla, nyuma ni bubu. Wataona midomo inacheza tu. Watadhani nilikuwa nakufundisha sheria."

"Na kitambaa?"

"Jua kali."

Gari la doria likifika uwanjani kituoni halisubiri kuulizwa. Linapoegeshwa tu, video zinapaa zenyewe kwenda chumbani kwa Bi Usifute, na hakuna mkono wa askari unaoweza kuzikamata mkia. Walipokuwa wanapita mlangoni Sajini akasimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani, tangazo ambalo wote wawili walilipita kila siku, akalisogelea kwa kuwa hakuwa na miwani. Akasoma kimoyomoyo. Akasoma tena kwa sauti. "Kuanzia mwezi huu nyuma itakuwa dakika mbili, pamoja na sauti."

Wakatazamana.

"Wewe si ulikwenda mafunzo?"

"Nilikwenda, afande. Mara mbili."

"Na hili halikusemwa?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka nini?"

Nguzo alifikiri kwa uaminifu. "Alikuwa amevaa hereni za kijani."

Sajini aliketi pale pale kwenye ngazi, akashika tumbo. Hakujulikana kama analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua. "Nimemwigiza sauti," alikuwa anasema. "Mimi, mtu mzima. Nimemwigiza sauti!"

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nguzo alikwenda chumba cha video bila mpango, akasimama mlangoni kichwa kimeinama chini ya fremu. Bi Usifute alikuwa amevaa vipokea sauti, skrini imegeuzwa ukutani. Usoni pake hapakuwa na hili wala lile. Akafunua sikio moja.

"Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuangalia kama kiyoyozi kinafanya kazi."

"Hatuna kiyoyozi."

"Ndiyo maana," Nguzo alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayezama, "Umeshazitazama za leo?"

"Nazitazama zote."

"Na ya kwetu?"

"Konstebo," alisema, na alilisema kwa sauti yake halisi ambayo haikufanana hata kidogo na ile ya Sajini, "video yenye malalamiko siizungumzi na mhusika mpaka kikao kiishe. Ndiyo kanuni."

"Malalamiko gani?"

"Kuna mama yuko kwa Mkuu. Anasema askari wetu amemtongoza barabarani. Kikao ni kesho asubuhi." Akarudisha kipokea sauti sikioni. "Ukitoka funga mlango, tafadhali."

Usingizi usiku ule ulimkimbia. Askari akimtongoza raia kazini, hilo ni kosa la kumwaga unga, hakuna mjadala. Na kila alipofikiria namna ya kujitetea aliona njia ni moja tu: maneno yale hayakuwa ya mama wa mayai, yalikuwa ya mtu mwingine. Ya nani? Hapo ndipo aliposhikwa na kizunguzungu. Akinyamaza, kazi imekwenda. Akisema, ataanikwa moyo wake kwenye televisheni ya Mkuu, mbele ya mwenyewe, na Sajini kavaa kitambaa.

Asubuhi ofisi ya Mkuu ilijaa kuliko kikao kinavyotakiwa. Mama wa mayai alikuwa ameketi katikati na trei moja mapajani, kwa kuwa alikuwa njiani kupeleka mzigo na hakuwaamini watu wa kituo kile na pikapu yake. Mkuu alikuwa nyuma ya meza, miwani kwenye ncha ya pua. Bi Usifute alisimama kando ya televisheni na kompyuta yake. Hereni zilikuwa zile zile za kijani. Nguzo aliziona, akajilaumu kwamba hata siku ya kufa kwake macho yake hayana adabu.

"Anzia taa zilipowaka," Mkuu akaamuru.

Video ikachezwa. Barabara, pikapu, mayai yanatikisika. Kisha sauti ya Nguzo, safi kama ya mtangazaji wa redio, kutoka kwenye kinasa sauti cha kiunoni, ambacho huwaka pamoja na taa za bluu: Nimekuwa nikikuona ukipita mbele yangu kila siku. Ikafika kwenye moyo usio na breki. Mkuu alifumba macho.

"Mmesikia?" mama wa mayai alisema. "Na ndani ya gari kulikuwa na mwendawazimu!"

"Nilikuwa mimi, mama," Sajini akasema kwa unyonge.

Mkuu akamgeukia. "Ulikuwa wapi, Sajini?"

"Nyuma, afande."

"Kwenye kiti cha watuhumiwa? Kwa kosa gani?"

Sajini alijipapasa kichwani kana kwamba kitambaa bado kipo. Mkuu akashusha pumzi, akavuta karatasi karibu. "Konstebo, mimi nilikusifu mbele ya kituo kizima. Sasa niambie, una la kusema kabla sijaandika?"

Kabla Nguzo hajajibu, Bi Usifute alikohoa. "Afande, kuna kanuni. Mlalamikiwa ana haki ya kuomba sehemu ya nyuma ichezwe. Lakini lazima aombe mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi siruhusiwi kumwombea." Na kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama Nguzo usoni. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kanuni inavyohitaji. "Konstebo, unaomba?"

Basi ameiona, Nguzo akajua. Ameiona yote, na bado amevaa zile hereni. Mama wa mayai aliishika trei kwa mikono miwili.

"Mficha uchi hazai," Sajini akanong'ona, kwa sauti iliyosikika mpaka korido.

Liwalo na liwe. "Naomba," Nguzo alisema. "Naomba ichezwe yote."

Ikachezwa. Skrini nzima ikajaa uso wa Sajini, masharubu na kitambaa cha njano, akilalamikia video ya Jumanne kwa sauti ya mbu. Mkuu aliinamia karatasi zake na mabega yakaanza kutikisika. Mama wa mayai aliachia kicheko cha kwanza, akajizuia, kikamponyoka cha pili, na mayai yakaanza kugongana kwenye trei. "Nimesema basi!" alirudia pamoja na Nguzo wa kwenye skrini, kama mtu anayeujua wimbo. "Hauna breki! Jamani! Kumbe haikuwa mimi!" Na katika kicheko chake, ukisikiliza vizuri, palikuwa na kasikitiko kadogo.

Kisha Sajini wa kwenye skrini akauliza unanipendea nini, na Nguzo wa kwenye skrini akajibu. Maneno ya yule baba aliyelia barabarani. Skrini iliyogeuzwa ukutani. Aibu zetu zote unazijua wewe. Hakuna aliyecheka tena. Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Mama wa mayai alitua trei sakafuni polepole. Nguzo alitazama viatu vyake, na hakumtazama Bi Usifute, maana angeanguka.

"Nitafikiria," Sajini wa kwenye skrini akasema, na taa za bluu zikawaka, na video ikasimamishwa.

"Mimi nimeyafuta malalamiko yangu," mama wa mayai akatangaza. "Nimeyafuta, nimeyapiga na deki."

"Malalamiko yanafutwa," Bi Usifute alisema, anakunja waya wake. "Video haifutwi."

"Haya, binti yangu, nani kakuuliza habari ya video? Jibu la huyu mtoto liko wapi?"

Bi Usifute alifunga kompyuta, akaiweka kwapani. "Mama, mimi sina la kujibu," alisema kwa utulivu. "Sajini ameulizwa. Wewe umeulizwa. Mimi bado sijaulizwa." Akampigia Mkuu saluti, akasema anakwenda kukagua kamera za magari, akatoka.

Nguzo alibaki amesimama. Alijaribu kuyapima maneno yale, akayageuza upande huu na upande ule, na kila alivyoyageuza yalikuwa na sura ile ile nzuri, hata akaogopa kwamba amekosea.

"Konstebo!" Mkuu akanguruma. "Unasubiri taa za bluu?"

Alitoka mbio, akagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango kwa kishindo, hakusikia maumivu. Nyuma yake aliisikia sauti ya Mkuu ikisema kwa upole, "Na sasa, mama, hebu tuzungumze habari za ile taa nyekundu," na sauti ya mama ikijibu, "Taa gani tena, baba, siku ya furaha kama hii?"

Gari lao lilikuwa uwanjani juani. Bi Usifute alikuwa ameshakaa kiti cha abiria, mlango wazi, anafuta jicho la kamera kwa kitambaa cha njano. Nguzo akazunguka, akajikunja kuingia kwenye usukani, magoti yakafika yanapofika siku zote. Wakakaa. Kutoka dirisha la Mkuu vichwa kadhaa vilikuwa vinajificha vibaya.

"Nimekuwa nikikuona ukipita mbele yangu kila siku," Nguzo alianza.

"Hiyo nimeshaisikia," alisema. "Na mama wa mayai pia."

Hotuba ilikuwa imekwisha, na Nguzo hakuwa na nyingine. "Nataka tuoane," alisema. "Naogopa mpaka sikioni. Kama hutaki sema tu, nitaendelea kukusalimia vile vile."

"Nilisema nini kwenye mafunzo?"

"Sijui."

"Mara mbili ulikuja."

"Mara mbili. Sikusikia neno. Lakini ulikosea herufi moja ubaoni ukaifuta kwa kiganja, halafu ukajishika shavu, na chaki ikabaki pale mpaka mwisho. Hakuna aliyekwambia."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ilikupendeza."

Bi Usifute alicheka. Nguzo hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, kisichofanana na chumba chake wala kanuni zake, na kilipokwisha alijifuta macho kwa kile kitambaa cha njano bila kukumbuka kimetoka kichwani kwa nani.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo, nini?"

"Ndiyo nimekubali, Nguzo. Nilikubali jana saa ile ile nilipoitazama, nilikuwa nasubiri uje uniulize, ukaniuliza habari za kiyoyozi."

Furaha ilimjaa mpaka akasahau urefu wake, akainuka, akagonga paa la gari kwa kichwa. Akakaa tena anacheka, anashika kichwa, anamtazama. Kisha wazo likamwingia, uso ukamwanguka kidogo. "Aibu yangu yote imehifadhiwa," alisema, "hata Sajini na kitambaa. Na hili moja zuri, taa hazikuwa zimewaka. Limepotea."

Bi Usifute alimtazama vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayempenda na ambaye hatafaulu kamwe. Alinyoosha mkono mbele yake, akabonyeza swichi. Taa za bluu zikaanza kuzunguka mchana kweupe, zikapaka rangi ukuta wa kituo na vichwa vyote vya dirishani, na kwenye kamera kitone chekundu kikawaka.

"Dakika mbili," alisema, "pamoja na sauti. Nilisema, tena nikaandika ubaoni."

Langoni, mama wa mayai alikuwa ndio kwanza anatoka na karatasi yake ya faini. Alipoziona taa za bluu kwenye kioo chake alikanyaga breki papo hapo, akatoa kichwa nje, akaona ni nini, akapiga honi mpaka Mkuu mwenyewe akatokeza dirishani.